Mstari Usio na Pengo

Mteja akiingia steshenari, iwe Kariakoo, Mombasa au Bujumbura, akaomba kurasa mbili za A4 zitolewe kopi kwenye karatasi moja ya saizi hiyo hiyo, kijana wa mashine hahangaiki. Anabonyeza 71%, mwanga unapita chini ya kioo, na kurasa zote mbili zinatoka zimeenea sawasawa, hakuna mstari uliokatwa wala ukingo mweupe uliobaki bure. Akitakiwa kukuza A4 iwe A3, anabonyeza 141%. Namba hizo mbili zimo kwenye mashine tangu kiwandani, na ni wachache wanaouliza zimetoka wapi.

Zimetoka kwenye sharti moja tu: karatasi ikikunjwa katikati, nusu yake ibaki na umbo lile lile la nzima. A3 izae A4, A4 izae A5, na kila mtoto afanane na mzazi. Mwanafizikia Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alilitaja sharti hilo katika barua ya mwaka 1786, na Walter Porstmann akalifanya msingi wa viwango vya karatasi vilivyotangazwa Ujerumani mwaka 1922. Kihesabu, sharti linadai urefu ukigawanywa kwa upana utoe namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inakuwa 2. Hicho ndicho kipeuo cha pili cha 2.

Sasa ipimwe A4 yenyewe. Urefu milimita 297, upana 210. Zote mbili zinagawanyika kwa 3, zikabaki 99 kwa 70. Ukizidisha 99 kwa 99 unapata 9,801. Ukizidisha 70 kwa 70, kisha mara mbili, unapata 9,800. Viwango vya dunia vimekosea kwa moja.

Msomaji mwenye karatasi mkononi anaweza kulishuhudia kosa hilo, au tuseme kushindwa kuliona. Aukunje upande mfupi ulale juu ya upande mrefu, kama watoto wanavyofanya wakitaka kupata mraba. Mkunjo wa mshazari unaotokea ni ulalo wa mraba wenye ubavu wa milimita 210. Akiulinganisha na urefu wa A4 nyingine, ataona vinalingana kabisa. Hesabu inasema ulalo ni milimita 296.985, yaani pungufu ya 297 kwa milimita 0.015, wakati karatasi yenyewe ina unene wa karibu milimita 0.1. Hakuna rula ya dukani itakayoonyesha tofauti hiyo.

Je, kiwanda kingeweza kupata vipimo visivyokosea kabisa? Theon wa Smyrna, Mgiriki wa karne ya 2 baada ya Kristo, aliandika njia ya kukaribia. Anza na 1 kwa 1. Namba mpya ya chini ni jumla ya zile mbili. Namba mpya ya juu ni ile ya juu ukiongeza ya chini mara mbili. Inakuja 3/2, kisha 7/5, 17/12, 41/29, na hatua ya tano ni 99/70, karatasi ya A4 yenyewe. Kila hatua kosa ni lile lile la moja: 9 badala ya 8, 49 badala ya 50, 289 badala ya 288. Mara imezidi, mara imepungua, na kwa kuwa namba zinakua ilhali moja inabaki moja, kosa linazidi kuwa dogo. Ila haliishi. Kuna uthibitisho, na Aristotle aliutaja kama jambo ambalo wasomaji wake walilijua tayari.

Ichukuliwe kwamba ipo sehemu ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2 barabara, na imerahisishwa mpaka mwisho. Basi kipeo cha pili cha namba yake ya juu ni mara mbili ya kipeo cha pili cha ile ya chini. Kwa hiyo ni shufwa. Witiri mara witiri haizai shufwa, kwa hiyo namba ya juu yenyewe ni shufwa, na kipeo chake kinagawanyika kwa 4. Nusu ya kitu kinachogawanyika kwa 4 ni shufwa bado, na nusu hiyo ndiyo kipeo cha pili cha namba ya chini. Namba ya chini nayo ni shufwa. Zote mbili zinagawanyika kwa 2, ilhali makubaliano yalikuwa kwamba zimekwisha rahisishwa. Sehemu hiyo haipo. Haipo leo, na hata kompyuta ikizalisha hatua za Theon usiku na mchana haitaifikia.

Wagiriki walishtuka, au ndivyo inavyosimuliwa. Hadithi ya Hippasus, mfuasi wa Pythagoras aliyezama baharini kwa kosa la kutoa siri hiyo nje, iliandikwa karne nyingi baada ya tukio linalodaiwa, na inafaa kusomwa kwa tahadhari. Kilicho wazi ni kile walichokifanya. Kwao namba ilikuwa kitu cha kuhesabia: mbili, tatu, kumi. Ulalo wa mraba ulikuwa urefu, si namba, na elimu ya marefu wakaiweka mbali na elimu ya namba. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Eudoxus wa Knidos akabuni namna ya kulinganisha urefu na urefu bila kuuita namba, kazi iliyohifadhiwa katika kitabu cha tano cha Euclid. Ilikuwa kazi ya akili kubwa. Pia iliwafunga watu mikono kwa karne nyingi, maana mtu asiyeruhusiwa kuuita ulalo namba haruhusiwi kuujumlisha na 5.

Kabla yao, Wababeli hawakuwa na aibu hiyo. Kuna kibao cha udongo kinachoenea kiganjani, sasa kipo Chuo Kikuu cha Yale, kilichochorwa kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo. Kina mraba na ulalo wake, na juu ya ulalo zimeandikwa namba nne kwa hesabu yao ya sitini sitini: 1, 24, 51, 10. Kwa desimali zetu ni 1.414213 kwa kukadiria, na kosa halifiki hata sehemu moja ya milioni. Aliyekiandika hakuacha neno kueleza kama alidhani amefika au amekaribia.

Waliothubutu kuvunja ukuta wa Wagiriki walikuwa wataalamu walioandika kwa Kiarabu. Abu Kamil wa Misri alivitumia vipeuo vya namna hii ndani ya milinganyo kama namba nyingine zozote. Omar Khayyam, anayejulikana zaidi kwa mashairi kuliko kwa hesabu, alijiuliza mwaka 1077, katika maelezo yake juu ya magumu ya Euclid, kama uwiano wowote wa marefu mawili haustahili kutendewa kama namba. Na mwaka 1424 huko Samarkand, al-Kashi alikokotoa pai mpaka tarakimu ya 16 baada ya nukta. Alikuwa amejiwekea lengo kabla ya kuanza: mzingo wa duara kubwa kama ulimwengu, jinsi alivyoukadiria, usikosewe hata kwa unene wa unywele wa farasi. Hesabu ile hakuifanya kwa ajili ya matumizi. Alichagua mwenyewe mahali pa kusimama, kwa kuwa tarakimu zenyewe hazingemsimamisha popote.

Ulaya, Simon Stevin alichapisha mwaka 1585 kijitabu cha Kiholanzi kilichowafundisha wafanyabiashara na wapima ardhi kutumia desimali. Tangu hapo namba zote zikavaa sare moja: 1/4 ni 0.25, 1/3 ni 0.333 bila kukoma, 1/7 inarudia 142857 daima, na kipeuo cha 2 ni 1.41421356 ikiendelea bila kurudia mpangilio wowote. Newton na Leibniz wakajenga hesabu za mwendo na mabadiliko juu ya namba hizo, madaraja yakajengwa, mizinga ikalengwa, nyakati za sayari zikatabiriwa. Kwa karibu miaka 300 hakuna aliyeweza kusema kwa usahihi namba hizo ni nini.

Aliyekereka zaidi alikuwa mwalimu kijana. Mwaka 1858 Richard Dedekind, mwenye miaka 27, alipewa somo la hesabu za mabadiliko katika chuo cha ufundi cha Zürich. Alipofika kwenye kanuni kwamba kiasi kinachoongezeka daima bila kuvuka mpaka fulani lazima kisogelee kikomo, alijikuta anachora mstari ubaoni na kuwaambia wanafunzi watazame. Mchoro ulieleweka. Lakini yeye alijua mchoro si uthibitisho. Hatua za Theon zinasogeleana, zile za chini zinapanda na za juu zinashuka. Ni nani aliyesema kwamba katikati pana kitu? Kwa mtu mwenye sehemu tu mkononi, katikati hapana kitu. Sehemu zimebanana kiasi kwamba kati ya mbili zozote kuna nyingine zisizo na idadi, na bado zina matundu, kama chandarua ambacho kwa mbali kinaonekana kitambaa kizima, lakini ukikimwagia maji yanapita.

Dedekind ameandika kwamba jibu lilimjia tarehe 24 Novemba 1858. Akalikalia miaka 14, akalichapisha mwaka 1872 katika kijitabu kidogo.

Jibu lenyewe ni la ajabu kwa wepesi wake. Chukua sehemu zote, uzikate mafungu mawili, kila iliyo fungu la kushoto iwe ndogo kuliko kila iliyo kulia. Mara nyingine mpakani panakaa sehemu fulani: kata palipo na 3/4, na hiyo 3/4 ndiyo mpaka. Mara nyingine mpakani hapakai sehemu yoyote: weka kushoto hasi zote, sifuri, na chanya ambazo kipeo chake hakifiki 2, weka kulia zilizobaki. Fungu la kushoto halina iliyo kubwa kuliko zote, la kulia halina iliyo ndogo kuliko zote. Wengine wangeliita hilo pengo. Dedekind akasema mkato huo ndio namba. Kila mkato ni namba, na mkusanyo wa mikato yote ndio namba halisi. Hakwenda kuitafuta namba ndani ya tundu. Alilitumia tundu lenyewe kuiunda.

Kinachopatikana kwa ujanja huo ni dhamana. Ukikata namba halisi zenyewe kwa njia ile ile, mpakani daima pana namba. Hakuna mkato unaoangukia patupu. Makadirio yakisogeleana kutoka pande mbili, lipo jambo yanalolisogelea. Ukilinganisha na sehemu za kawaida, hiyo ndiyo tofauti ya pekee inayohesabika, na nadharia nzima ya vikomo inaiegemea.

Ubishi mmoja wa darasani nao unamalizika hapo hapo. Wanafunzi hugombana kama 0.999 isiyokoma ni sawa na 1 au ni pungufu kidogo. Kwa Dedekind swali ni moja: ni sehemu zipi zilizo ndogo kuliko 0.999 hiyo? Ni zote zilizo ndogo kuliko 1, hakuna iliyosazwa. Mkato ni ule ule, basi namba ni ile ile.

Dedekind alijivunia jambo dogo linalochekesha mpaka mtu akae alifikirie. Alidai kwamba kabla yake hakuna aliyewahi kuthibitisha ipasavyo kuwa kipeuo cha 2 mara kipeuo cha 3 ni kipeuo cha 6. Kila mwanafunzi wa sekondari anaiandika hiyo bila kupepesa jicho. Hebu ajaribu kuizidisha kwa mkono. Mtoto wa darasa la nne anafundishwa kuanzia tarakimu ya mwisho kulia, apate jibu, abebe, asogee kushoto. Katika 1.41421356 isiyokoma, tarakimu ya mwisho kulia haipo. Kuzidisha hakuna pa kuanzia. Kwa mikato, unazidisha sehemu kwa sehemu, chanya za kushoto kwa chanya za kushoto, na mkato mpya unajitokeza. Uthibitisho unakwenda ukurasa mmoja hivi, tena bila mchoro.

Mwaka 1872 huo huo, Georg Cantor wa Halle alichapisha njia yake ya kufika pale pale kwa kutumia mifuatano, na katika mwaka huo wanaume hao wawili walikutana kwa bahati wakiwa mapumzikoni Gersau, Uswisi. Tarehe 29 Novemba 1873 Cantor alimwandikia Dedekind swali: je, namba halisi zinaweza kupangwa kwenye orodha, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama zinavyoweza kupangwa sehemu? Kufikia tarehe 7 Desemba alikuwa na jibu. Haziwezi. Uthibitisho anaofundishwa kila mwanafunzi wa chuo ni ule alioutoa baadaye, mwaka 1891. Mtu alete orodha anayodai ni kamili. Itazamwe tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza, ya pili ya namba ya pili, na kuendelea. Penye 5 iandikwe 6, pasipo na 5 iandikwe 5. Namba inayotokea inatofautiana na kila iliyomo orodhani angalau kwa tarakimu moja. Orodha imekosa namba, na ukiiongeza, hesabu inarudiwa na inakosa nyingine.

Kuna kinachofuata ambacho vitabu vya shule hukipitia haraka mno. Alan Turing mwaka 1936 aliuliza ni namba zipi ambazo mashine, ikipewa maelekezo na muda wa kutosha, inaweza kuzitoa tarakimu baada ya tarakimu. Pai imo. Kipeuo cha 2 kimo. Namba zote ambazo mhandisi amewahi kuzihitaji zimo. Lakini maelekezo ni maandishi, na maandishi yanaweza kupangwa kwenye orodha: mafupi kwanza, marefu baadaye. Basi namba zenye maelekezo zinaingia orodhani, na namba halisi kwa jumla haziingii. Ukichagua nukta kwa bahati nasibu kwenye mstari kati ya 0 na 1, uwezekano wa kuangukia namba yenye maelekezo ni sifuri. Karibu mstari wote umejengwa kwa namba ambazo hakuna programu itakayozikokotoa. Dhamana ya Dedekind imelipiwa kwa wapangaji wasioonekana, na ni haki kujiuliza kama bei haikuwa kubwa.

Kompyuta haiulizi, kwa sababu haina nafasi. Aina ya namba ambayo lugha nyingi za programu hutumia kwa desimali ina biti 64, na biti 64 haziwezi kuwakilisha zaidi ya namba bilioni 18.5 mara bilioni moja. Nyingi, ila zina mwisho. Ndiyo maana anayejifunza kuandika programu hustuka siku anapojumlisha 0.1 na 0.2 akaletewa 0.30000000000000004, na ndiyo maana anayeunda mfumo wa malipo hushauriwa mapema kuhifadhi fedha kwa senti kamili. Hata 0.1 ya kawaida, ambayo ni sehemu safi kabisa, kwa hesabu ya mbili mbili haikomi.

Tarehe 25 Februari 1991, Dhahran, Saudia, moja ya kumi hiyo iliua. Mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, ukihifadhi 1/10 kwa biti 24. Ulikuwa umewashwa kama saa 100 mfululizo, na kosa dogo lililokatwa mkiani lilikuwa limejikusanya likafika kama theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud katika muda huo husafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kombora, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafia kambini mwao.

Kisa kingine cha mkia uliokatwa kina sura ya upole zaidi. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa pale MIT, alitaka kurudia sehemu ya hesabu yake, akaiingizia kompyuta namba aliyoisoma kwenye karatasi: 0.506. Ndani ya mashine namba hiyo ilikuwa 0.506127. Karatasi ilikuwa imefupishwa ili isijae. Lorenz akaenda kunywa kahawa, na aliporudi hali ya hewa ya kubuni iliyokuwa ikitabiriwa haikufanana tena hata kidogo na ile ya mwanzo. Tarakimu zilizoonekana ni za kupuuzwa ndizo zilizoamua kama kutanyesha.

Hapo ndipo Nicolas Gisin, mwanafizikia wa Geneva, aliposhikilia katika makala zake za miaka ya karibuni. Ikiwa kesho inategemea tarakimu za mbali za leo, tarakimu hizo zimehifadhiwa wapi? Namba halisi ya kawaida ina taarifa zisizo na mwisho, na ujazo mdogo wa hewa hauwezi kubeba taarifa zisizo na mwisho. Kwa hoja yake, tarakimu ya mbali ya joto la leo si kwamba haijulikani, bado haijawa. Kwa ajili ya hilo anaazima hisabati ya Mholanzi L. E. J. Brouwer wa mwanzo wa karne ya 20, ambamo namba haiko tayari tangu milele bali inaendelea kutengenezwa kadiri muda unavyokwenda.

Azimo hilo lina gharama. Kwa Brouwer huruhusiwi kusema kila namba ama ni sifuri ama si sifuri, kwa kuwa huenda bado haijaamua. Na ile kanuni ya Dedekind ubaoni Zürich inaponyoka, pamoja na ndugu yake: mstari unaotoka chini ya sifuri ukaenda juu yake bila kukatika hauna tena hakika ya kupita kwenye sifuri. Unapewa namba inayoisogelea kadiri unavyotaka, basi. Wanafizikia wengi wameiona bei hiyo ni ghali, na milinganyo yao wanaendelea kuiandika kwa namba za mwaka 1872.